Nakivubo na Ghuba ya Murchison: maji yaliyonyimwa muda

Kampala huchota maji yake ya kunywa katika ghuba ileile inayoipelekea uchafu wake. Mitambo ya kusafisha maji ya Ggaba, ambayo wa kwanza ulianza kazi karibu na mwaka 1930, imejengwa kwenye ufuko wa magharibi wa Ghuba ya Ndani ya Murchison, katika Ziwa Viktoria. Na upande wa kaskazini wa ghuba hiyohiyo, umbali wa kilomita tatu au nne tu, ndipo maji ya mfereji wa Nakivubo yanapoingia ziwani baada ya kupita katikati ya mji. Ghuba yenyewe ni ndogo na haina kina. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 18 na kina chake cha wastani ni mita tatu na kidogo, ilhali ziwa zima lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina cha wastani cha mita 40. Mlango wake wa kutokea kwenye maji makubwa ni mwembamba, kwa hiyo kinachoingia humo hakitoki upesi.

Kisa hiki huelezwa mara nyingi kwa hesabu ya watu na taka: mji umekua, uchafu umezidi, ziwa limeharibika. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila inaacha nje jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini. Kati ya vilima vya Kampala na maji ya ghuba pana ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa na kazi ya kuyachelewesha maji. Karibu kila uamuzi mkubwa uliofanywa juu ya ardhi hiyo kwa miaka zaidi ya themanini umeufupisha muda ambao maji hukaa juu yake kabla ya kufika ziwani. Tukifuata safari ya maji kutoka juu hadi chini tutaona kwamba mji haukuongeza uchafu pekee. Uliufungulia pia njia ya mkato.

Kutoka vilimani hadi kwenye zege

Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na mabonde hayo zamani yalikuwa vinamasi vya mafunjo. Mvua hunyesha katika misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Desemba, na mara nyingi hushuka kwa nguvu katika muda mfupi. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama kwenye udongo mwekundu wa mlimani, ikajitokeza chini kwenye chemchemi, kisha ikapita polepole katika kinamasi. Siku hizi yanaanguka juu ya mabati, lami na viwanja vilivyoshindiliwa, na ndani ya dakika chache yako bondeni yakiwa yamebeba udongo, mafuta ya magari, mabaki ya masoko na mifuko ya plastiki, ile kaveera ambayo kila mkazi wa Kampala anaijua.

Nakivubo ndilo bonde linalopokea maji ya kitovu cha mji. Mfereji wake unapita Kisenyi na eneo la soko la Owino, unapita karibu na vituo vya mabasi, unaingia eneo la viwanda, kisha unashuka kando ya Namuwongo na Bugolobi hadi kwenye kinamasi kinachobeba jina lake. Kwa miaka mingi mfereji huo ulifurika kila mvua kubwa, na wafanyabiashara wa Kisenyi na Owino walipoteza mali. Ndiyo sababu, karibu na mwaka 2000, ulipanuliwa na sehemu kubwa yake ikajengwa kwa zege. Kazi hiyo ilikuwa na haki yake, na hakuna aliyewahi kusimama katika maji ya kufika magotini ndani ya duka lake anayeweza kuilaumu. Lakini wahandisi walipewa swali moja tu, nalo ni namna ya kuyaondoa maji mjini upesi iwezekanavyo. Swali la pili, kwamba maji hayo yatafika wapi na yakiwa katika hali gani, halikuwa katika mkataba wao. Mfereji wa udongo wenye majani huyapunguza maji mwendo, huangusha tope na kuwapa bakteria wa udongo nafasi ya kufanya kazi. Mfereji wa zege hauna hata kimoja cha hivyo.

Vyoo vya Namuwongo

Chini ya mkazi mmoja kati ya kumi wa Kampala ndiye aliyekuwa ameunganishwa na mtandao wa mabomba ya maji taka kwa sehemu kubwa ya historia ya mji huu. Waliobaki hutumia vyoo vya shimo, na kwa wachache wenye uwezo, matangi ya maji taka. Katika vilima jambo hilo linaweza kuvumilika, kwa sababu shimo ni refu na maji ya ardhini yako mbali. Bondeni mambo ni mengine.

Ukishuka Namuwongo hadi kwenye vijumba vilivyo kati ya reli na mfereji, ambako utasikia Kiluganda, Kiacholi na Kiswahili katika uchochoro mmoja, utaona vyoo vilivyoinuliwa juu ya matofali, na mtu hupanda ngazi tatu au nne ili aingie. Havikuinuliwa kwa urembo. Ukichimba hapo hata nusu mita, maji yanajaa shimoni, kwa hiyo choo hujengwa juu ya ardhi na tangi lake hukaa nyuma ya ukuta. Chini ya ukuta huo, upande wa mtaro, mara nyingi pana tundu lililozibwa. Tangi likijaa, gari la kunyonya maji taka haliwezi kupita katika uchochoro huo, na hata lingepita, malipo yake ni mzigo kwa mwenye nyumba anayekusanya kodi ndogo kutoka kwa wapangaji wengi. Basi husubiriwa mvua. Mvua ikikolea usiku, tundu huzibuliwa, na asubuhi tangi ni tupu na mtaro umeoshwa.

Nalieleza hili kwa undani kwa sababu linaonyesha kwamba mvua na kinyesi katika mji huu havifiki ziwani kila kimoja kwa njia yake. Vinafika pamoja, kwa wakati mmoja, katika ile saa ambayo mfereji unakwenda kwa kasi kuliko saa nyingine yoyote na kinamasi kina uwezo mdogo kabisa wa kushika kitu. Kipimo cha maji kilichochukuliwa siku ya jua hakitakuambia habari hii.

Kuna njia za kati ambazo zimejaribiwa na zinafaa. Pampu ya mkono inayoingizwa katika tundu la choo na kuinua tope hadi kwenye mapipa inaweza kufika pasipofika gari, na vijana wa mitaani wamejifunza kuitumia na kuifanya kazi yao. Kinachokwamisha ni bei, pamoja na umbali wa mahali pa kumwaga. Kijana mwenye mapipa manne juu ya pikipiki ya matairi matatu hawezi kuvuka mji mzima katika msongamano kwa malipo ya choo kimoja, na akishindwa, mtaro uko karibu.

Kinamasi kilivyokuwa kikifanya kazi

Kinamasi cha Nakivubo kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5. Reli inayokwenda bandari ya Port Bell inakikata katikati, na tuta lake limekigawa sehemu mbili, ya juu na ya chini. Maji ya mfereji, pamoja na maji yaliyotoka katika mtambo wa maji taka wa Bugolobi uliojengwa katika miaka ya 1940, yaliingia sehemu ya juu, yakapita chini ya tuta la reli, yakaendelea katika sehemu ya chini hadi ziwani. Mtambo huo wa zamani ulipunguza uchafu mzito lakini haukuundwa kuondoa fosforasi na nitrojeni, na mji ulipokua, uwezo wake ulizidiwa. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa kazi ya mwisho ya kusafisha ilifanywa na mafunjo, bila malipo na bila kutajwa katika bajeti yoyote.

Inafaa kueleza mafunjo hufanya nini hasa, kwa maana watu wengi huyadhania kuwa majani tu. Karibu na ziwa mafunjo hayaoti kwenye udongo imara. Vigogo vyake vya chini na mizizi yake hufumana na kutengeneza mkeka mnene unaoelea, na maji hupita ndani na chini ya mkeka huo. Mizizi inayoning'inia imefunikwa na utando wa bakteria. Bakteria hao huichukua amonia na kuigeuza kuwa naitreti pale penye oksijeni kidogo karibu na mizizi, kisha bakteria wengine, pale pasipo na oksijeni, huigeuza naitreti kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi angani. Fosforasi haiwezi kuondoka kama gesi. Hushikwa na mmea wenyewe unapokua, au huanguka pamoja na tope na kulala chini. Vijidudu vya kinyesi hunaswa katika mizizi, huliwa na viumbe wadogo au hufa kwa kuchelewa. Yote hayo yanahitaji kitu kimoja, nacho ni maji kugusana na mizizi kwa muda wa kutosha.

Watafiti wa Uganda walioupima mfumo huu katika miaka ya 1990 waligundua kwamba mafunjo yalisafisha vizuri kuliko aina nyingine kubwa ya nyasi iliyomo humo, ambayo mkeka wake ni mnene kiasi kwamba maji hayaupenyi na hupita chini yake bila kuguswa. Waligundua pia kwamba maji hayakusambaa sawasawa. Tuta la reli liliyakusanya katika makalavati machache, yaani mapito ya maji chini ya tuta, na kutoka hapo yalitafuta njia fupi kwenda ziwani, huku sehemu kubwa ya kinamasi cha chini ikipata kidogo sana cha kusafisha.

Mwaka 1999 ulitolewa uchambuzi wa kiuchumi ulioikadiria thamani ya kinamasi hiki kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya thamani hiyo ilitokana na usafishaji wa maji. Wachumi walifanya kwa njia rahisi, wakauliza: kama kinamasi kisingekuwapo, mji ungelipa kiasi gani kujenga na kuendesha mitambo ya kuifanya kazi hiyo, au kuuhamisha mdomo wa mabomba ya Ggaba? Miaka zaidi ya ishirini baadaye mji ulilipia vyote viwili.

Magimbi

Sehemu ya juu ya kinamasi, kaskazini mwa reli, ndiyo iliyotangulia kugeuka. Viwanda na maghala yalifukia kingo zake kwa kifusi. Katikati waliingia wakulima wadogo, wengi wao wakazi wa Namuwongo na vitongoji vya jirani, wakapanda magimbi, miwa na mboga. Udongo wa hapo ni mweusi, hauhitaji samadi, na hata mwezi wa Januari jua linapochoma vilima, bustani ya kinamasini bado ina maji. Kwa mama mwenye watoto wanne na chumba kimoja cha kupanga, bustani hiyo ni chakula na ni ada ya shule.

Tatizo liko katika jembe linavyotumiwa. Gimbi hupenda unyevu lakini halipendi kuzama, kwa hiyo mkulima huchimba mifereji midogo kuzunguka matuta yake ili maji yashuke. Mkulima mmoja akichimba, jirani yake wa juu humwagia maji, naye huchimba pia. Baada ya miaka michache kinamasi kilichokuwa kinayasambaza maji katika upana wake wote kimekuwa na mtandao wa mitaro inayoyakusanya na kuyapeleka moja kwa moja kwenye makalavati ya reli. Mmea wa gimbi nao huchukua nitrojeni na fosforasi, na kwa hesabu ya karatasi mtu angeweza kusema kwamba kilimo hiki kinasaidia kuondoa rutuba. Lakini maji hayapiti kwenye mizizi yake. Yanapita pembeni, ndani ya mtaro.

Sitaki msomaji aelewe kwamba mzigo huu ni wa wakulima wa magimbi. Wao ni wa mwisho katika mstari mrefu, na walichofanya kwa jembe ni kilekile ambacho mji ulikifanya kwa zege na reli ikakifanya kwa tuta. Tofauti ni kwamba wao ndio wanaofukuzwa kwanza.

Sheria iko wapi? Ipo, tena nzuri. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaiweka ardhi ya vinamasi, maziwa na mito mikononi mwa serikali kama amana kwa ajili ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fuko za maziwa zinaweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kutoka kwenye maji ya maziwa makubwa, Viktoria likiwa mojawapo. Lakini hati za ardhi zilitolewa ndani ya vinamasi, kabla ya Katiba na hata baada yake, na mwenye hati ana wakili. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliagiza hati za namna hiyo zifutwe, na utekelezaji umekwenda kwa kusuasua. Bustani ya magimbi hufyekwa kwa siku moja. Ghala lenye hati huendelea kupakwa rangi mpya. Kwa takwimu za serikali, vinamasi vilivyochukua asilimia 15.6 ya eneo la Uganda mwaka 1994 vimepungua sana, na vilivyobaki bila kuharibiwa vilikadiriwa kuwa asilimia 8.9 mwaka 2019.

Kinachotokea ndani ya ghuba

Fosforasi na nitrojeni zikifika katika maji yenye joto, yasiyo na kina na yasiyotoka haraka, mwani hustawi. Katika Ghuba ya Murchison unaotawala ni ule wa bluu-kijani, ambao kwa kweli ni bakteria. Aina ya Microcystis ina vijifuko vya gesi ndani ya seli zake, hivyo inaweza kupanda juu kutafuta mwanga. Aina nyingine huvuta nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hata ukiipunguza nitrojeni majini zenyewe haziathiriki sana. Ndiyo maana fosforasi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Asubuhi tulivu, kabla upepo wa ziwani haujaanza, mtu aliyesimama kwenye mwalo wa Ggaba anaweza kuuona mwani huo ukielea kama rangi ya kijani iliyomwagwa, umejikusanya kati ya mitumbwi na magugu maji, na unaacha mstari kwenye mbao mtumbwi unaposogezwa.

Mtambo wa maji unaupata mwani huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwanza hutiwa shabu ili chembechembe zishikamane na kuzama. Mwani mwingi unahitaji shabu nyingi, na seli zinazoelea hazikubali kuzama kwa urahisi. Zinazopita hufika kwenye vichujio vya mchanga na kuviziba, na kichujio kilichoziba lazima kioshwe kwa kusukumiwa maji safi kutoka chini kwenda juu, maji ambayo tayari yalikuwa yamegharimu shabu na umeme. Mwisho huongezwa klorini, na klorini ikikutana na mabaki ya viumbe hutumika upesi, kwa hiyo kipimo chake nacho kinapanda. Gharama hizo zote zinaingia katika ankara ya maji ya mtu wa Ntinda au Makindye ambaye hajawahi kuuona mfereji wa Nakivubo.

Kuna jambo linalowahusu zaidi wale wasio na bomba. Watafiti wameripoti mikrosistini, sumu ya ini inayotolewa na baadhi ya mwani huo, katika maji ya Ghuba ya Murchison. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita moja ya maji ya kunywa kwa aina yake inayojulikana zaidi. Kuchemsha maji kunaua bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo, na kila mtu anapaswa kuendelea kuchemsha, lakini sumu hii haiharibiwi na moto wa jikoni. Tena seli zikipasuka kwa joto huimwaga ndani ya maji. Familia ya mvuvi inayojaza dumu ufukoni na kuchemsha imejikinga na hatari moja na kubaki na nyingine. Angalau inafaa ijue kwamba maji ya kijani hayachotwi, hata kwa kuchemsha, na kwamba ni heri kwenda kwenye bomba la jirani siku hizo.

Mkono wa bwawa la Jinja

Ubora wa maji ya ghuba unategemea pia uamuzi unaofanywa Jinja, ambako Mto Nile unatoka ziwani. Tangu bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954, maji yanayotoka yanapaswa kufuata kanuni inayolinganisha kiwango cha ziwa na kiasi kinachoachiliwa, ili mto utiririke kama ambavyo ungetiririka bila bwawa. Baada ya mtambo wa pili, Kiira, kuanza kazi, na nchi ikiwa na njaa ya umeme, maji yaliyoachiliwa kati ya mwaka 2003 na 2006 yalizidi kanuni hiyo. Ukame ulikuja wakati huohuo. Ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja, na wachambuzi walikadiria kwamba takribani nusu ya mshuko huo ilitokana na maji yaliyopitishwa kwenye mitambo.

Mita moja katika ziwa lenye kina cha mita 40 ni kidogo. Katika ghuba ya mita tatu ni theluthi. Tena mkeka wa mafunjo unaoelea hukaa juu ya udongo maji yanapouhama. Maji taka hayapiti tena ndani ya mizizi bali hujichimbia mtaro mmoja, na ardhi iliyokauka kando yake huwa kavu kiasi cha kulimika. Ziwa likirudi juu, bustani tayari zina wenyewe.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2020, ziwa lilipofikia mita 13.4 na ushee kwenye kipimo cha Jinja, sawa na kile kiwango cha juu cha mwaka 1964. Safari hii maji yalipanda kwa mvua kubwa. Vyoo vya ufukoni vilizama, mialo ikahama, na vipande vikubwa vya uoto wa ukingoni vikang'oka na kuelea. Mwezi wa Aprili mwaka huo kisiwa kimoja cha namna hiyo kilifika hadi kwenye bwawa la Jinja, kikaziba mitambo, na umeme ukakatika nchi nzima. Ukingo wa mafunjo uliodhoofishwa na majembe na vifusi hushikilia kidogo zaidi kila ziwa linapopanda na kushuka, na kila kipande kinachoondoka huondoka na mizizi iliyokuwa ikifanya kazi.

Hatua zilizochukuliwa na zilizobaki

Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka limejenga mtambo mpya wa maji taka Bugolobi wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, ulioanza kazi mwanzoni mwa muongo huu, na gesi ya tope lake huzalisha umeme. Ni hatua kubwa kuliko zote zilizochukuliwa katika bonde hili. Shirika hilohilo limejenga mtambo wa maji ya kunywa Katosi, wilaya ya Mukono, mbali na ghuba hii, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku.

Katosi ilihitajika, kwa sababu watu wameongezeka kuliko Ggaba inavyoweza kuwahudumia. Hata hivyo nina wasiwasi nayo, na wasiwasi huo ni wa kisiasa kuliko wa kihandisi. Maadamu mji mzima ulikunywa maji ya ghuba, kila mtu mwenye sauti alikuwa na sababu ya kuijali. Mabomba yakihamia Mukono, watakaobaki na ghuba ni wavuvi, wachuuzi wa mwalo na wale wanaojaza madumu ufukoni. Historia ya bonde la Nakivubo haionyeshi kwamba watu hao husikilizwa.

Mtambo wa Bugolobi nao unasafisha kinachoufikia. Tope la vyoo vya Namuwongo halina bomba la kuufikia, na maji ya mvua yanayokuja kwa mfereji hayapiti humo kabisa. Zaidi ya hayo, chini ya ghuba kuna tope lililokusanya fosforasi kwa miongo mingi. Oksijeni ikiisha chini, au upepo ukilikoroga katika kina kile kifupi, fosforasi hiyo hurudi majini. Kwa hiyo mtu asishangae kuona mwani bado upo miaka kadhaa baada ya mtambo kuanza kazi, na viongozi wasilitumie jambo hilo kusema kwamba fedha zilipotea.

Ni haki pia kusema kwamba Nakivubo halikuliharibu ziwa zima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sahani nyeupe ya kupimia uangavu ilionekana katika maji ya wazi ya ziwa hadi kina cha zaidi ya mita 7. Katika miaka ya 1990 mara nyingi haikuonekana kupita mita 3. Badiliko hilo limetoka katika bonde zima, tangu mito ya Kenya, Tanzania na ule wa Kagera, na sehemu kubwa ya rutuba huanguka kutoka angani pamoja na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Limegusa hata uzazi wa samaki: furu, ambao Waganda huwaita nkejje, jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na katika maji yaliyotibuka rangi hazionekani, aina zikachanganyika. Kampala haiwezi kuyarekebisha hayo peke yake. Ghuba yake inaweza kuirekebisha.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningeanzia kwenye tuta la reli. Wazo la kuyasambaza maji katika upana wote wa kinamasi cha chini limezungumzwa tangu miaka ya 1990, na halihitaji teknolojia ngeni: makalavati zaidi chini ya tuta, mfereji wa kukingama unaoyagawa maji kushoto na kulia, na mitaro ya zamani kuzibwa ili mafunjo yarudi yenyewe, kama yanavyorudi kwa kasi panapokuwa na maji. Jambo hilo haliwezekani wakulima wakiwa adui. Sehemu ya juu, kaskazini mwa reli, imeshapotea kama kinamasi, na ingefaa wakubaliwe kuendelea kulima huko kwa maandishi, jina kwa jina, kwa sharti kwamba kusini ya reli hapaguswi. Na ulinzi wa kusini, pamoja na uvunaji wa mafunjo kwa ajili ya mikeka na kuezekea, ambao huiondoa fosforasi kinamasini kwa mikono, ulipwe kwao wenyewe. Sambamba na hilo pawepo kituo kidogo cha kupokelea tope la vyoo upande wa Namuwongo, kilichounganishwa na bomba la Bugolobi, ili kijana mwenye mapipa manne asivuke mji. Vipimo vya fosforasi vichukuliwe katika sehemu mbili, darajani penye reli na pale mafunjo yanapokutana na maji ya ghuba, na vichukuliwe wakati wa mvua kubwa hasa, kwa sababu ndipo kinamasi kinapojulikana kama kinafanya kazi au kinapitisha tu.